Jibu kwa binti wa Sengerema: chuo kidogo cha umma kina uzito gani?

Binti mmoja wa Sengerema ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya HGE, nikapata C ya Historia, D ya Jiografia na C ya Uchumi. Nimechaguliwa vyuo vikuu viwili vya umma. Kimoja ni kikubwa, kiko Dar es Salaam, ila programu niliyopata huko niliijaza mwisho kwa kubahatisha. Kingine ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, programu ya usimamizi wa ushirika na uhasibu, ambayo ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba na uwezo wake ni mdogo. Mjomba, ambaye ndiye aliyenisomesha sekondari, anasema cheti cha chuo kidogo hakina uzito, na kwamba nitapotelea mkoani. Nithibitishe wapi? Na nikiona nimekosea, naweza kuhama?"

Marahaba, binti yangu, na hongera. Kwa masomo yako mawili bora una pointi 6, wakati kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mwanafunzi wa kidato cha sita ni pointi 4 katika masomo mawili yanayohusika na programu, kwa hiyo hakuna chuo kilichokuchukua kwa huruma. Nimefanya kazi ya udahili kwa miaka mingi kabla ya kurudi kuishi hapa Mwanza, na ushauri wangu kwako ni kwamba uthibitishe Moshi. Usithibitishe, hata hivyo, kwa kudhani kwamba chuo kidogo ni chepesi. Udogo wa chuo hauongezi wala haupunguzi thamani ya shahada. Unachobadilisha ni namna unavyotakiwa kusoma ili uipate shahada hiyo kwa wakati, na wanafunzi wengi hulitambua jambo hili wakiwa wamekwisha kupoteza mwaka.

Nianze na mjomba, kwa sababu maneno ya mtu aliyekulipia ada hayapuuzwi. Watu wengi wa Mwanza wanapotaja chuo kikuu huwa wanafikiria Malimbe, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, au kile cha sayansi za afya pale Bugando, ambavyo vyote viwili ni vya Kanisa Katoliki. Vya serikali tulivyonavyo mjini ni zaidi matawi ya taasisi za Dar es Salaam, kama vile Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Taasisi ya Uhasibu (TIA). Ndiyo maana mtu wa huku akisikia "chuo kikuu cha umma" hukumbuka Mlimani peke yake, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kila kilicho nje ya hapo anakiona kama tawi la jambo fulani. Hilo ni kosa la mazoea. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ndiyo inayoidhinisha programu za shahada za vyuo vikuu nchini, na inaziidhinisha kwa vigezo vilevile. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani vipimo vya kazi ya masomo, iwe inatolewa na chuo chenye wanafunzi makumi ya maelfu au chenye elfu chache. Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira utaona wanataka shahada ya fani fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, kisha wanawafanyisha waombaji wote mtihani wa mchujo wa kuandika kabla ya usaili wa ana kwa ana. Kwa upande wako, ukitaka kuwa mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu, mitihani utakayofanya ni ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, na msahihishaji wa bodi haoni kwenye karatasi yako jina la chuo ulichotoka.

Tena chuo hicho anachokiita kidogo kina umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vingi vya nchi hii. Kilianza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2014 kikasimama chenyewe. Mzee wa Usukuma hana sababu ya kulidharau neno ushirika. Wakulima wa pamba wa kanda hii ndio waliounda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, na likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima Waafrika barani kabla halijavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na chama cha ushirika cha Nyanza. Pamba ya Sengerema hata leo inapitia kwenye AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, na vitabu vya AMCOS vinahitaji mtu anayejua uhasibu na sheria ya ushirika kwa pamoja. Watu wa namna hiyo ni wachache. Kwa hiyo mjomba akisema utapotelea mkoani, mwambie kwa adabu kwamba programu hii inaweza kukurudisha nyumbani ukiwa na kazi ya kufanya.

Kuna jambo moja ambalo mjomba analiona sawasawa. Dar es Salaam kuna makao makuu ya mabenki na makampuni, na mwanafunzi wa huko anaweza kwenda kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo asubuhi na jioni akarudi bwenini. Ukiwa Moshi utaandika barua, utapiga simu, na utasubiri. Dawa yake ni kuanza mapema, mwezi wa kwanza au wa pili kwa mafunzo ya katikati ya mwaka, na kwako wewe ni kuomba huku ziwani ambako utalala kwa mama na fedha ya mafunzo ikabaki kwa mahitaji mengine.

Sasa niseme kuhusu udogo wenyewe, maana hapo ndipo penye mambo. Ninayoyaeleza yanahusu vyuo vidogo kwa jumla wala si lawama kwa chuo chako.

Katika chuo kikubwa somo linaweza kuwa na wahadhiri watatu, wasaidizi kadhaa na makundi mengi ya semina. Katika chuo kidogo somo mara nyingi lina mhadhiri mmoja, linafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, na mhadhiri huyo akienda masomoni linaweza kuhamishiwa muhula mwingine. Athari yake ni hii. Ukifeli somo unapewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu, na hata ukifaulu vizuri namna gani alama yako kwa kawaida haizidi C. Ukifeli sapu unalibeba somo mpaka litakapofundishwa tena, yaani mwaka unaofuata. Nilikuwa na mwanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, aliyefeli somo moja la takwimu la mwaka wa pili. Alipolirudia mwaka wa tatu ratiba yake iligongana na somo la lazima la mwaka huo, kwa sababu kila moja lilikuwa na kipindi kimoja tu na hakukuwa na kundi la pili la kujiunga nalo. Alihitimu mwaka mzima baada ya wenzake, kwa somo moja la krediti 10, na mkopo ulikuwa umekwisha kukoma.

Masomo ya hiari nayo yana tabia hiyohiyo. Kitabu cha mwongozo kinaweza kuorodhesha masomo sita ya kuchagua, lakini yanayofundishwa kweli yakawa mawili, ama kwa sababu wanafunzi waliojiandikisha hawakufika idadi inayotakiwa au kwa sababu hakuna wa kufundisha. Ukifika, usiulize tu orodha ikoje. Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu umuulize ni masomo gani yalifundishwa mwaka jana na mwaka juzi. Dakika kumi za mazungumzo hayo zina faida kuliko wiki nzima ya utangulizi, ambayo, niseme ukweli, huwa ni hotuba nyingi na viti vichache.

Upande mwingine wa udogo ni kwamba utajulikana. Mhadhiri atakufahamu kwa jina ifikapo wiki ya nne, atajua siku ambazo hukuja, na mlango wake kwa kawaida hauna foleni. Mwanafunzi mwenye akili huitumia nafasi hiyo. Jaribio la kwanza likirudi, usiishie kuangalia alama kwenye ubao wa matangazo. Chukua karatasi yako uende kumuuliza ulipotea wapi. Kazi za muhula katika vyuo vingi vyetu hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60, kwa hiyo aliyekusanya 30 kati ya hizo 40 anaingia chumba cha mtihani akiwa ametulia, na aliyekusanya 14 anaingia akiwa anahesabu. Madesa ya waliotangulia, yaani nakala za maandishi na mitihani yao ya zamani, yatakufikia tu, hayakosekani popote, na hayana ubaya kama mazoezi ya kujipima. Ubaya wake unaanza pale unapoyafanya ndiyo mhadhara, hasa katika chuo kidogo ambako mtunzi wa mtihani ni yuleyule kila mwaka na anajua fika ni madesa gani yanazunguka.

Kujulikana huko kuna hatari pia, na kwa kuwa wewe ni binti nitalisema waziwazi. Pale ambapo mtu mmoja ndiye anayefundisha, anayetunga na anayesahihisha, mwenye tabia mbaya hupata nguvu asiyostahili. Kudai ngono ili kutoa alama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Simu ya TAKUKURU ni 113 na haitozwi. Vyuo vina dawati la jinsia na mshauri wa wanafunzi, na vina utaratibu wa rufaa ya matokeo pamoja na mtahini wa nje ambaye hupitia karatasi zilizosahihishwa. Hifadhi kila jaribio na kila kazi iliyorudishwa, weka ujumbe wowote usiofaa bila kuufuta, na usiende ofisini kwa mtu jioni ukiwa peke yako kwa kisingizio cha kuangalia alama. Wahadhiri walio wengi ni watu waungwana. Tahadhari hizi ni kwa ajili ya wale wachache.

Suala linalowaponza wengi kuliko yote ni mwaka wa kwanza. Vyuo vyetu vingi hupima kwa wastani wa alama (GPA) ambao kilele chake ni 5: kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na chini ya hapo mpaka 2.0 ni kufaulu tu. Mwanafunzi hufika chuoni akaambiwa na wenyeji kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Tuseme amezoea mazingira akapata 2.8, kisha akajitahidi mwaka wa pili akapata 3.6, na mwaka wa tatu 3.8. Krediti zikiwa sawa kila mwaka, jumla ni 10.2, na ukigawa kwa 3 unapata 3.4. Amekosa daraja la pili la juu kwa nukta moja, na nukta hiyo aliiacha mwaka wa kwanza. Kwa bahati mbaya hakuna sapu ya kurekebisha wastani wa mtu aliyefaulu kidogo.

Ujipangie saa tangu wiki ya kwanza. Krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi, na mwaka una krediti 120, kwa hiyo una saa 1,200 za kufanya kazi kwa mwaka, au 600 kwa muhula. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki, sawasawa na mtumishi wa ofisini. Ratiba ikikuonyesha mihadhara ya saa 18, maana yake si kwamba una muda mwingi wa kupumzika. Maana yake ni kwamba saa 22 zinakudai usome mwenyewe. Chuo kidogo chenye maktaba ndogo kinakulazimisha uwahi, kwa sababu nakala za kitabu kinachotakiwa zikiwa tatu na darasa lina watu themanini, anayekwenda wiki ya majaribio atakuta mezani pamebaki vumbi.

Kuhusu fedha, mama asiogope kabla ya kupiga hesabu. Bodi ya Mikopo haiangalii ukubwa wa chuo. Inaangalia uhitaji wa familia na programu unayosoma. Ada za programu za biashara katika vyuo vya umma kwa kawaida huwa kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, na sehemu ya ada ambayo Bodi inakupa huenda moja kwa moja chuoni. Fedha ya chakula na malazi, hilo bumu ambalo utalisikia likitajwa kuliko jina la mkuu wa chuo, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa aliyepangiwa kiwango kamili, na hutolewa kwa awamu. Awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Mwanafunzi akiipokea kwa mkupuo huona ni nyingi, akanunua simu, na siku ya arobaini anaanza kuomba chumvi kwa jirani. Bumu la kwanza halifiki siku unayoshuka kwenye basi. Linasubiri usajili ukamilike na majina yapelekwe, kwa hiyo nenda na fedha ya kula ya wiki nne hata tano. Nje ya ada utadaiwa bima ya afya shilingi 50,400 kama hauko kwenye bima ya mzazi, shilingi 20,000 za TCU, na michango midogo ya chuo na ya serikali ya wanafunzi. Vyote lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo utakayopewa kwenye akaunti yako, usimpe mtu fedha mkononi hata akiwa amevaa kitambulisho. Na kumbuka kwamba ni deni: ukianza kuajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe.

Omba bweni siku ileile fomu inapofunguliwa, kwa kuwa nafasi hazitoshi na wa mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele mara hiyo moja. Ukikosa, panga na mwenzako wa kike chumba kilicho jirani na chuo hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu nauli na giza la kurudi kutoka maktaba vitakula tofauti hiyo ya bei. Moshi kuna baridi mwezi wa sita na wa saba ambayo mtu wa ziwani haijui, kwa hiyo sweta si pambo. Safari siku hizi ni nyepesi kidogo kwenu: tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamsubiri tena kivuko, mnafika stendi ya Nyegezi mapema, na basi linapita Shinyanga, Singida na Arusha. Mama akikufungia dagaa wakavu wa Mwaloni, usione haya kuwabeba. Ni chakula cha mwezi mzima kisichohitaji jokofu, na nimeona urafiki mwingi wa bwenini ukianzia kwenye sufuria moja.

Nimalizie na swali lako la kuthibitisha na kuhama. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja hupewa namba ya siri ya kuthibitisha, inayotumwa kwa ujumbe wa simu, naye huiingiza kwenye akaunti yake ya udahili ya chuo anachokitaka ndani ya siku zilizotangazwa na TCU. Thibitisha wewe mwenyewe, kwa simu yenye namba uliyoombea, na usimpe mwenye duka la intaneti nywila yako ili akusaidie. Nimeona watoto wakithibitishwa chuo wasichokitaka kwa sababu aliyeshika kompyuta alibonyeza haraka. Usisubiri siku ya mwisho. Asiyethibitisha jina lake linabaki likielea kati ya vyuo viwili, na Bodi ya Mikopo hushindwa kumpangia katika awamu za mwanzo kwa kuwa haijui fedha iende wapi.

Kuhama kunawezekana, ila si kama kuhama daladala. Kuna kuhama programu ndani ya chuo, na kuna kuhama chuo kwenda chuo kwa idhini ya TCU, vyote katika dirisha linalofunguliwa baada ya usajili wa mwaka wa kwanza. Unatakiwa uwe umesajiliwa kwanza unakotoka, uwe na sifa za programu unayoiendea kwa mwaka huohuo wa udahili, na huko unakokwenda kuwe na nafasi. Katika chuo kidogo kuhama ndani kuna wigo mwembamba, kwa sababu programu ni chache na nyingi zinafanana. Ukihama chuo, mkopo nao unapaswa kuhamishwa, na kati ya barua ya kuondoka na fedha kufika kwenye chuo kipya unaweza kupita karibu muhula mzima ukila kwa mfuko wa mama. Kwa hiyo ukifika Moshi jipe wiki tatu za kuhudhuria kila kipindi, pamoja na vile vya uhasibu vinavyoonekana vigumu, na kama bado moyo umekataa, nenda ofisi ya udahili kabla dirisha halijafungwa, ukiwa na nakala za vyeti vyako na jina la programu unayoitaka.

Barua ya udahili ikishatoka, mwonyeshe mjomba kwanza, kabla hujampelekea mama Mwaloni.